Mnapanga kwenda kutazama ndege Pwani. Je, homa mmeipangia?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Agosti hadi Novemba, kunatokea jambo ambalo wengi wetu hapa Makongeni hatulijui, au tukilijua twadhani ni mambo ya Wazungu. Ndege wadogo, wengine wao uzito wao haupiti ule wa yai la kuku, huondoka kaskazini ya mbali huko Siberia ambako baridi imeanza kuuma, wakaruka zaidi ya kilomita 8,000 na kutua kwenye matope ya Pwani yetu. Hapo hukaa wakila hadi Machi au Aprili, kisha hurudi kwao kutaga mayai.

Siku hizi hata watu wa mtaa huu wameanza kutaka kuwaona. Vikundi kadhaa, kimoja cha walimu, kingine cha wazee waliostaafu kazi za viwandani, vimenijia kuniuliza juu ya safari hiyo. (Ukisema safari ya ndege watu hudhani mnapanda eropleni. La, ni basi na miguu.) Huwa wamekwisha kupanga kila kitu: nauli, mchele, mpishi, mahali pa kulala, hata rangi ya fulana. Swali wanaloniletea ni moja: je, mzee fulani mwenye shinikizo la damu ataiweza safari? Ni swali zuri na nitalijibu hapa chini. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za malaria, na hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Msimamo wangu ni huu, msomaji. Mkaazi wa Thika au Ruiru anayekwenda Pwani ya kaskazini wakati wa mvua za vuli ni mgeni kwa malaria sawasawa na mtalii aliyetoka Ujerumani jana. Tofauti ni kwamba Mjerumani huyo ameshaonana na daktari wake na mfukoni ana tembe za kinga. Sisi twabeba blanketi, sufuria na imani kwamba kwa kuwa sote ni Wakenya, mbu wa Malindi atatutambua kama wenyeji.

Hatatutambua. Kinga ambayo mtu mzima wa Kilifi au Tana River anayo dhidi ya malaria aliipata kwa kuumwa na mbu na kuugua tena na tena tangu utotoni, na huihifadhi kwa kuendelea kuumwa. Si jambo la ngozi wala la kabila. Thika iko juu, takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na eneo letu huhesabiwa na Wizara ya Afya miongoni mwa yale yenye hatari ndogo ya malaria, ilhali Pwani ni mojawapo ya maeneo ambako ugonjwa huo upo mwaka mzima. Mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa Makongeni hana kinga hiyo hata chembe. Hata yule aliyezaliwa Kilifi, akiisha kukaa huku miaka mingi, kinga yake hupungua, naye hurudi kwao akidhani mwili bado ni ule ule. Hali ni hiyo hiyo kwa jirani zetu wanaotoka pande za Ziwa Victoria na ambao hurudi nyumbani kila Desemba.

Nitakueleza kisa kimoja bila ya kumtaja mwenyewe. Kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi mwenye afya ya simba, alikwenda Pwani siku nne tu kwa shughuli ya jamaa yake. Alirudi salama, akafanya kazi juma zima bila tatizo. Siku ya kumi na moja kichwa kilianza kumgonga na mwili ukatetemeka. Alikwenda duka la dawa akapewa tembe za mafua. Siku ya tatu ya homa akapimwa damu mahali fulani, akaambiwa ana taifodi, akaanzishiwa dawa zake. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi, naye hakufikiria kusema, kwa kuwa safari ilikuwa imekwisha na amekwisha kuisahau. Aliletwa kwangu siku ya sita akiwa hajui jina lake, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Nilimdunga sindano ya kwanza ya artesuneti na kumtafutia gari la wagonjwa. Alifariki usiku wa pili akiwa hospitalini.

Malaria hutibika. Tangu chlorokwini ilipoachwa nchini mwaka 1998 na dawa mpya za mchanganyiko kuidhinishwa mwaka 2004, tuna silaha nzuri, na zinapatikana hata katika zahanati ndogo. Kinachoua watu wa milimani ni kuchelewa, na tunachelewa kwa sababu homa hutukuta tukiwa tumesharudi nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu anayeifikiria malaria kwanza.

Baada ya kusema hayo yote, nataka uende. Usiuweke ukurasa huu kando ukisema daktari amekataza. Wagonjwa wangu wengi wa shinikizo la damu na kisukari hawatembei, hawapumziki, na macho yao hayatazami kitu kilicho mbali zaidi ya televisheni. Kutazama ndege kunamlazimisha mtu kuamka alfajiri, kutembea polepole, kunyamaza na kungoja. Sina tembe ifanyayo hayo yote kwa pamoja.

Isitoshe, watu wa Thika na Ruiru tuna undugu na Pwani hiyo kuliko tunavyodhani. Maji ya Chania na Thika, yale yanayoanguka pale Blue Posts, huingia katika mto Tana na kwenda kumwagikia baharini karibu na Kipini. Maji ya mto Ruiru na Ndarugu huingia katika Athi, yakapita Fourteen Falls, yakaitwa Galana, kisha Sabaki, na kufika baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Matope wanamokula ndege hao kwenye mlango wa Sabaki yametoka, kwa sehemu, katika mashamba yetu ya huku juu. Taka zetu pia hufika huko, lakini hayo ni makala ya siku nyingine.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, mimi hushauri Hori ya Mida, karibu na Watamu. Kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kujificha, na ada unayolipa husaidia kulipia karo watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Hapo utamwona ndege mla kaa, mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo. Huyu hatoki Siberia, hutoka pande za Oman na Ghuba, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga yai lake humo. Utamwona sululu mwenye mdomo uliopinda, na makundi ya vitwitwi ambao hata wataalamu hubishana kuwahusu. Msitu wenyewe, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, uko ng'ambo ya barabara, na ndani yake kuna kibundi mdogo wa Sokoke ambaye wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1960.

Kwa wenye kiu zaidi kuna mlango wa Sabaki, na mbele yake delta ya Tana, ardhioevu iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2012. Mbele zaidi kuna Lamu na visiwa vya Kiunga. Kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo ndege wanavyozidi na hospitali zinavyopungua. Ukitaka kujua umbali wa mahali, usihesabu kilomita. Hesabu ni saa ngapi zitapita kabla ya mgonjwa wako aliyezimia kufikishwa penye damu, oksijeni na daktari. Ukiwa Mida, kuna hospitali Malindi upande mmoja na Kilifi upande wa pili. Ukiwa ndani ya delta, mvua imenyesha na jua limekuchwa, huenda ikawa hadi kesho. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliikata barabara huko Tana River na watu wakakwama pande zote mbili.

Kuhusu Kiunga nitasema wazi. Tangu matekaji nyara ya mwaka 2011 na shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, pande za mpakani hazijawa mahali pa kikundi cha wastaafu wenye darubini. Wapo watakaoniita mwoga. Kwa Lamu kisiwani ni jambo jingine, lakini ulizeni polisi na wenyeji hali ya barabara kabla ya kulipa nauli, na safirini mchana.

Sasa tuje kwa tembe, maana hapa ndipo penye porojo nyingi. Kuna watu hununua dozi ya AL, ile ya kutibu malaria kwa siku 3, wakaimeza kabla ya safari wakisema wamejikinga. Hiyo ni dawa ya kutibu. Hutoka mwilini upesi na kukuacha mtupu kabla hata hujamaliza kuhesabu sululu. Wengine humeza tembe za zamani za Fansidar mara moja. Hizo vimelea wamekwisha kuzizoea, nazo siku hizi zimebakia hasa kwa akina mama wajawazito wa maeneo ya malaria, kwa maagizo ya kliniki.

Kinga za kweli kwa msafiri ni tatu, na zote ziulizwe kwa daktari au mfamasia aliyesajiliwa. Ya kwanza ni doksisaiklini, tembe moja ya miligramu 100 kila siku, ikianzwa siku 1 au 2 kabla ya kuondoka na kuendelea kwa majuma 4 baada ya kurudi. Ni ya bei nafuu, na ndiyo ninayowapa wengi. Imeze baada ya chakula kwa gilasi nzima ya maji, na usilale papo hapo, kwa maana hukwaruza umio. Huifanya ngozi iungue kwa jua upesi, kwa hivyo kofia na mikono mirefu ni lazima. Haifai kwa mja mzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Ya pili ni mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili, nao humezwa kila siku, ukianzwa siku 1 au 2 kabla, lakini baada ya kurudi huhitaji siku 7 pekee. Tatizo lake ni bei. Ya tatu, meflokwini, humezwa mara moja kwa juma na yafaa ianzwe majuma 2 au 3 mbele. Asipewe mwenye kifafa au aliyewahi kuugua akili.

Umeona hesabu hiyo ya majuma 4? Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu humeza vizuri akiwa Watamu, akifika Thika anazitupa kabatini kwa kuwa safari imekwisha. Kumbe vimelea walioingizwa na mbu wa usiku wa mwisho huenda bado wamejificha ndani ya ini wakingoja kutoka. Doksisaiklini haiwagusi wakiwa huko. Huwaua wakishatoka na kuingia katika damu, ndiyo maana lazima uendelee kuimeza hadi watoke wote. Mweka hazina wa kikundi anayeweka bajeti ya tembe za siku 5 amenunua nusu ya daraja.

Mbu mwenyewe je? Yule wa malaria huuma kuanzia machweo hadi alfajiri, na hapa kuna mtego ambao mtazamaji ndege hana budi kuufahamu. Ndege wa Mida huonekana vizuri maji yanapojaa, kwa sababu bahari huwasukuma karibu na mahali ulipo. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alasiri kuelekea jioni. Basi utakuwa umesimama kimya kabisa katikati ya mikoko, mikono imeshika darubini, miguu wazi, hadi jua linazama. Mbu hahitaji mwaliko mwingine. Watafutao bundi msituni nao hutoka saa zizo hizo. Sikwambii usiwepo. Vaa suruali ndefu, soksi na shati la mikono mirefu ikifika saa kumi na moja, na ujipake dawa ya kufukuza mbu iliyo na kemikali ya DEET au pikaridini. Usiku lala ndani ya neti iliyotiwa dawa, na uibebe ya kwako. Neti ya nyumba ya wageni niliyoiona mara nyingi ina tundu la kupitisha kuku.

Na mbu wa mchana yupo. Huyo haleti malaria bali dengue na chikungunya. Mwaka 2004 chikungunya iliingia Lamu na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watu wa mji huo waliipata. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kukunja au kupinda, na aliyewahi kuumwa viungo kwa ugonjwa huo hahitaji kufafanuliwa. Hauna tembe ya kinga ya kubeba. Ukipata homa na maumivu makali ya viungo au nyuma ya macho, tumia parasetamoli pekee hadi upimwe, usimeze aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengue dawa hizo zaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

Nirudi kwa yule mzee wa shinikizo la damu, kwani niliahidi. Anaweza kwenda, mradi shinikizo lake limekuwa limetulia kwa miezi kadhaa na aanze kutembea sasa, si siku ya safari. Majuma sita ya kutembea dakika 40 kila jioni hapa mtaani yatamwonyesha kama kifua kinambana. Kama kinambana, aje kliniki kabla ya kulipa nauli. Abebe tembe zake za safari nzima na za siku 5 za ziada, akiziweka katika mkoba wa mkononi, si juu ya paa la basi. Ikiwa miongoni mwazo kuna zile za kumkojosha, anywe maji ya kutosha, maana joto la Pwani likichanganyika na tembe hizo mtu huanguka akiinuka kitini. Aulize daktari wake mapema kama dozi ipunguzwe, asiikate mwenyewe.

Mwenye kisukari anayejidunga insulini asiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kama hakuna friji, iweke ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, kisha ndani ya mtungi wa udongo uliolowanishwa kwa nje, kivulini. Bibi zetu waliyapoesha maji hivyo, na insulini hupoa vivyo hivyo. Abebe pia peremende, kwani kutembea mchangani humaliza sukari mwilini kuliko kutembea juu ya lami.

Mwenye seli mundu asiondoke bila kinga ya malaria hata kwa usiku mmoja. Mja mzito, kwa maoni yangu, aiahirishe safari hii. Malaria humwandama yeye na mtoto wake vibaya zaidi, na ndege watarudi mwaka ujao.

Mengine nitayapitia haraka. Vaa viatu kwenye matope na miamba, kwa sababu ya miiba ya samaki na konokono wenye ncha. Ukichomwa na samaki wa mawe, tia mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili bila kuungua, na uelekee hospitali. Ukiumwa na nyoka msituni usikate, usinyonye, usifunge kamba. Mguu usisogezwe, na mgonjwa abebwe. Usiingie katika vidimbwi na mifereji ya maji matamu kule delta, kuna kichocho, mbali na mamba na viboko. Kila anayepanda mashua avae jaketi la kuokoa maisha, na kama nahodha hana la kukutosha, usipande. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na kila kikundi kiwe na pakiti za ORS.

Kuhusu barabara, sina maneno ya kupamba. Watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani nchini mwaka 2023. Vikundi hupenda basi la usiku kwa kuwa linaokoa gharama ya kulala. Mimi napendelea treni ya mchana hadi Mombasa, kisha gari la kwenda Malindi asubuhi ya pili, hata kama safari itakula siku moja zaidi. Dereva aliyechoka saa tisa usiku ni hatari kuliko mbu wote wa Mida.

Mnaporudi sasa. Naomba kila kikundi kimteue mtu mmoja, si lazima awe muuguzi, mwenye orodha ya majina na namba za simu za waliosafiri. Kazi yake ni kuwapigia wenzake mara mbili kwa juma kwa mwezi mzima, akiuliza mambo mawili tu: umemeza tembe? Una homa? Watu watamcheka juma la kwanza. Homa ya malaria mara nyingi huanza kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kuumwa, lakini yaweza kuchelewa mwezi au zaidi, hasa kwa aliyemeza tembe nusu nusu. Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi 3, iwe na kikohozi au isiwe nacho, ipimwe siku hiyo hiyo.

Ukifika kliniki, usingoje kuulizwa. Neno la kwanza kutoka kinywani mwako liwe "Nimetoka Pwani," na tarehe. Omba damu yako ipimwe malaria, kwa kipimo cha haraka au kwa hadubini. Kikisema huna na homa ikarudi, rudi upimwe tena baada ya saa 12 hadi 24, hata mara tatu, kwa kuwa mwanzoni vimelea huwa wachache. Ukiambiwa ni taifodi kwa kipimo kimoja cha damu cha Widal, uliza kwa adabu kama malaria imetazamwa; kipimo hicho huwapata wengi ambao hawana ugonjwa huo. Na ukiona mgonjwa amechanganyikiwa, anatapika kila kitu, macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi, hiyo si kazi ya duka la dawa wala ya kusubiri asubuhi.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni siku ya kimataifa ya ndege wahamao, na najua vikundi viwili vimeilenga. Basi hesabuni. Atakayerudi Thika tarehe 20 Oktoba, mwezi wa kwanza wa kuangaliana utakwisha tarehe 19 Novemba. Iandikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, kando ya ile ya kuondoka.